Shabiki Wangu wa Rugera

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo kipindi cha salamu kimeniua. Novatus kasalimiwa na watu saba. Saba! Mimi hakuna. Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Nyakahanga, redio pembeni, nikisubiri kusikia "Mzee wa Mawimbi", jina langu la hewani. Wapi! Wamesalimiwa wachunga mbuzi, kasalimiwa hata marehemu mmoja kwa bahati mbaya, mimi nimerukwa. Na mimi nilianza kutuma salamu enzi za kadi, wakati huyo Novatus wa Kaisho hajui hata redio inawashwa upande gani. Sasa anajiita Komandoo.

Mwisho wa mwezi chama chetu cha watuma salamu kinamtangaza Mtuma Salamu Bora. Ni yule anayetajwa zaidi na wenzake. Zawadi ni kuingia studio na kufungua kipindi kwa sauti yako mwenyewe. Studio! Nimeiota tangu kijana. Ikienda kwa Komandoo nitagawa redio nikalime maharage.

Jioni wazo limenijia. Shabiki hapatikani? Basi atengenezwe. Ninayo laini ya zamani kwenye kitochi, kisimu changu kidogo kilicholala kabatini. Nimempa jina: Kokushubira wa Rugera. Jina la heshima, na huko Rugera simjui mtu wala hakuna anijuaye.

Jumatano, 4 Juni

Kasomwa! Mtangazaji Dastan kasoma kwa ile sauti yake ya asali: Kokushubira wa Rugera anamsalimu Mzee wa Mawimbi wa Nyakahanga, wa kwanza yeye, wa pili yeye, wa tatu yeye. Ujumbe: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimejichoma sindano kwa furaha. Mteja akauliza kama nalia. Nikamwambia ni vumbi.

Beata, mke wangu, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akauliza huyo Kokushubira ni nani. Nikasema shabiki tu. Akasema haya. Ile haya yake siipendi.

Ijumaa, 6 Juni

Mambo yamegeuka. Dastan kasema hewani kwamba ujumbe wa Kokushubira una hekima, sisi wengine tujifunze kwake. Tujifunze! Methali ni zangu! Kosa nilifanya mwenyewe: nilimpa nzuri zote, mimi nikabaki na haraka haraka haina baraka. Sasa watu wanamsalimu yeye. Leo katajwa mpaka nimechoka kuhesabu. Mimi mara moja, na aliyenitaja ni yeye.

Novatus naye kamsalimu. Ni mgane yule, kasema wazi kwamba anatamani kumfahamu binti mwenye busara kama hiyo. Nimeshikwa na wivu. Namwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi!

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mchungaji kahubiri ndimi za moto, ulimi wangu umekauka. Beata hakunitazama ibada nzima. Nyumbani kanitengea ebitoke, ndizi tupu bila maharage, na maharage nimeyaona sufuriani kwa macho yangu. Kisha kauliza imekuwaje huyo mwanamke wa Rugera azijue methali zangu zote, hata ile ninayoisema nikinawa uso asubuhi.

Hapo nikakwama. Niseme ni hawara? Ndoa imekwisha. Niseme ni mimi najisalimu mwenyewe? Heri hawara! Nikaendelea kutafuna. Beata kahamishia mto wake chumba cha watoto. Kasema asipopata ukweli, Jumapili ijayo anarudi kwao, na cherehani anaibeba, maana ilitoka kwao.

Nimeogopa kweli. Nampenda Beata. Na cherehani pia.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamua Kokushubira anyamaze taratibu. Kufa hapana, kumwua mtu ni dhambi. Nikatuma ujumbe: anaumwa kiuno, anaomba radhi, hatatuma salamu tena. Safi. Nikashusha pumzi.

Lo, ujinga gani huu! Mtuma salamu akisema anaumwa, ameita watu. Nimesahauje na mimi ni mwanachama? Wimbo uliofuata redioni haujaisha, mwenyekiti wetu Mama Adelgunda kashapiga simu. Jioni kikao kwenye kibanda chake cha kahawa. Kasema tumchangie mwenzetu, na mchango utumwe kwa simu, kwa namba ile ile anayotumia. Ukituma hela kwa simu, jina la mwenye laini linatokea! Wangebonyeza wakakutana na jina langu, Melkiory!

Nikasimama. Nikasema kwa uchungu kwamba hii ni aibu, mgonjwa haonwi kwa simu, mgonjwa huonwa kwa macho, wazee wetu walitembea kwa miguu kwenda kujuliana hali. Nilisema vizuri kupita kiasi. Wakapiga makofi. Adelgunda akajifuta machozi, akasema basi Jumamosi tunakwenda Rugera sote, na wa kuonyesha njia ni mimi, maana mimi ndiye rafiki yake.

Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaribu kuumwa goti. Adelgunda kasema nitapakiwa bodaboda. Nimejaribu kusema mgonjwa kapona. Novatus kasema basi tunakwenda kushukuru. Nimejaribu msiba wa shangazi. Beata kasema mbele za watu kwamba sina shangazi.

Kisha kasema na yeye anakuja Rugera. Kakipiga pasi kitenge chake cha kwaya, pande zote mbili. Mwanamke akipiga pasi namna ile, anakwenda vitani.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote.

Tumeondoka kwa msafara wa bodaboda, na sukari, sabuni na mikate. Novatus kavaa tai. Kufika Rugera nikawapitisha kila kichochoro cha migombani, nikitumaini watachoka warudi. Shimo moja la mbolea tumelipita mara tatu. Beata kaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli sijui njia au najifanya. Kwa mara ya kwanza wiki hii nikasema kweli: sijui. Hakuamini.

Novatus kachoka, kamuuliza mama mmoja aliyekuwa anachuma kahawa, kwa Kokushubira wa salamu ni wapi. Nikafumba macho. Mama yule akanyoosha mkono: pale, kwenye mlango wa bluu.

Kumbe yupo!

Bibi. Themanini na ushee, anaanika kahawa kwenye mkeka uani, mkono mmoja kiunoni. Tukamwamkia shikamoo, mmoja mmoja. Adelgunda akauliza kama ndiye Kokushubira wa redioni. Bibi akatutazama, akatazama sukari, akasema ndiye. Bila kupepesa!

Novatus hakutaka kuamini. Kasema namba anayo, ajaribu. Akapiga. Kitochi kikalia ndani ya koti langu, mlio wa jogoo. Kila mtu akanigeukia. Beata pia. Hapo niliiona ndoa inaondoka na cherehani kichwani.

Bibi akakunjua kiganja. Akaniambia kwa ukali nimrudishie simu yake, alinipa nimshikie tulipokuwa tunaamkiana ili asiichafue kwa vumbi la kahawa, mbona naiweka mfukoni kama yangu? Nikampa. Kwa mikono miwili, na goti nikapiga!

Kisha akauliza mke wangu ni yupi, akamwita Beata, akamshika mashavu, akasema ananisalimu kila siku kwa sababu mwanamume asiye na kelele nyumbani lazima ana mke mwema. Na methali? Za wazee, alisema Bibi, sasa mlitaka azijue nani? Beata kalia. Akacheka. Akanipiga begani, akauliza kwa nini sikumwambia ni bibi kizee. Nikasema hakuniuliza umri.

Wakati wa kuaga Bibi kanivuta kando. Kaniambia kwa Kinyambo kwamba tangu azikwe mumewe hakuna aliyekuwa akibisha hodi pale, ila tangu salamu zianze majirani wanakuja kila jioni kumpongeza. Asingewaambia kwamba si yeye hata kwa bakora. Kwa hiyo simu inabaki. Na akasema mtu mzima kujisalimu mwenyewe ni aibu. Nikasema ndiyo, Bibi.

Novatus tumemwacha anapasua kuni, tai kaitupia begani. Kwa Bibi mgeni mwenye nguvu hali bure.

Njiani Beata kanishika kiuno kwenye bodaboda, na akaegemeza kichwa mgongoni mwangu. Nimepona! Mungu wangu, nimepona! Nilitaka kuimba lakini vumbi lilikuwa jingi.

Jumapili, 15 Juni

Ebitoke na maharage, tena na nyama. Mto umerudi. Nimelala kama mtoto aliyenyonya.

Mchana Bibi kapiga redioni mwenyewe, kwa kitochi changu. Kamsalimu Adelgunda, kamsalimu Beata, kamsalimu Novatus na kuni zake. Mimi kaniruka. Dastan kacheka hadi kakohoa. Baadaye Adelgunda kanipigia, kasema kamati haioni sababu ya kungoja mwisho wa mwezi, studio ni ya Bibi. Nikasema anastahili. Nilikuwa na uchungu kidogo, lakini Beata alikuwa ananiongezea nyama.

Hata hivyo funzo nimelipata. Kumtunga mtu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumtunga mwanamke, tena mwenye kiuno. Nimemwomba Beata laini yake ya zamani, eti ya wateja. Kesho anaanza Elpidius. Mwanamume, mkulima, hajui methali hata moja. Nimemweka Kaisho, kijiji kile kile cha Novatus, ili yamuume vizuri. Salamu yake ya kwanza iko tayari: anamsalimu Mzee wa Mawimbi, na anawajulisha wasikilizaji wote kwamba yeye ni mzima wa afya, hajawahi kuumwa tangu azaliwe, na hapokei wageni.