Ndovu Asajiliwe Kama Pimbi

Voi,
19 Januari 1979

Kwa Mpangaji Mkuu,
Idara ya Kupanga Miswada ya Bunge,
Nairobi.

Bwana Mpangaji Mkuu,

Pokea salamu zetu. Naandika kwa niaba ya Mama Tryphena Wakesho, mjane wa kijijini Kajire, mwenye ekari mbili za mahindi na pojo ambazo ndizo chakula chake cha mwaka mzima. Ndovu wanalimaliza shamba hilo. Mswada wa Kudhibiti Ndovu Mashambani, ambao ungemletea askari wa wanyama, uko ofisini kwako tangu 1971. Malalamiko yetu ni haya:

1. Mwaka 1971 mswada wetu ulikuwa wa sita katika Daraja la Nne. Leo ni wa kumi na moja. Niliisoma orodha mara mbili, nikidhani nimeishika juu chini.

2. Karani wako, Bwana Musyimi, alinieleza kwamba Daraja la Kwanza ni miswada inayomgusa waziri, la Pili inayogusa wizara nyingine, la Tatu inayogusa watu, na la Nne inayogusa wanyama. Mama Tryphena aliomba ahamishiwe Daraja la Tatu, kwa kuwa yeye ni mtu. Alijibiwa kwa barua kwamba anayekula mahindi ni ndovu. Yeye ametajwa tu kwenye kiambatisho.

3. Ndani ya Daraja la Nne wanyama hupangwa kwa ukubwa, wadogo kwanza. "Wadogo humalizika upesi, bwana," aliniambia Musyimi. "Tukianza na ndovu, nyuki watakaa wapi?" Hatuna ugomvi na nyuki. Lakini kila mwaka huletwa mnyama mwingine mdogo. Mwaka jana tulipitwa na sungura, bata na kiwavi wa hariri, ambaye Kajire hatujapata kumwona.

4. Ndovu hawajaarifiwa kuhusu utaratibu huu. Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mmoja aliingia shambani akamaliza mistari kumi na minne. Mama Tryphena, akiwa amechoka kupiga debe la kumfukuza, alimwonyesha ile barua ya idara yako yenye mhuri. Ndovu aliila. Tunaomba nakala.

5. Mahindi yaliyobaki yanahitaji wiki tatu kukomaa. Ndovu anahitaji asubuhi mbili.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja dogo. Mwalimu Zephaniah, anayefundisha sayansi kule Bura, ametuhakikishia kwamba pimbi, yule mnyama wa mawe anayelingana na sungura, ni ndugu wa damu wa ndovu. Basi tafadhali futa neno "ndovu" kwenye jalada, uandike "pimbi mkubwa". Tutapanda siku hiyo hiyo hadi nyuma ya sungura. Wazee wa Kajire wako tayari kuapa kwamba mnyama anayewasumbua ni pimbi aliyelishwa vizuri. Mama Tryphena, ambaye hajasema uongo tangu abatizwe, ataapa wa kwanza, ilimradi asiulizwe kimo.

Ofisa wako akitaka kuja kupima, aje na kamba ndefu.

Msalimie Bwana Musyimi, matarishi wote, na yeyote anayelisha viwavi.

Wako katika foleni,
Donald Mwandawiro
Mwandishi wa habari, Voi

Baada ya kuandika: Kabla sijatia stempu, nimeletewa nakala ya mswada wenyewe. Miaka minane tumeupigania bila kuusoma. Kifungu cha tano kinasema kwamba ndovu atafukuzwa na askari wa wanyama tu. Mwananchi atakayemfukuza kwa debe bila kibali atafungwa miezi sita. Na maombi ya vibali yatapangwa na idara yako, kwa madaraja. Nilikwenda Kajire nikamsomea Mama Tryphena. Akasema, "Mwanangu, mwambie mkubwa huyo kwamba ndovu ni ndovu, tena mkubwa kupita kiasi." Akachukua debe lake, akarudi shambani. Tafadhali usifute neno lolote. Na kama kuna mswada wa siafu, utangulie. Sisi hatuna haraka.