Jinsi Albamu ya Kutu Ilivyosikilizwa Mpaka Mwisho

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio mawili, na ninyi mliobakiwa na moja zima. Zimeni kinachozimika, wekeni chini kinachowekeka, mpate kusikia habari za kinyozi mmoja mpole na vita alivyovipiga kwa mkasi na taulo, mchana kweupe, siku isiyo sikukuu, ili albamu ya kwanza ya bendi iitwayo Kutu isikilizwe na mtu baki kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Walioshuhudia ni watatu tu, na mmoja wao kwa muda mrefu alikuwa na taulo usoni. Kwa hiyo habari hizi yafaa zisimuliwe taratibu.

Kinyozi huyo, Mkono-Hautetemeki, bwana wa wembe na mlinzi wa visogo, alikuwa na kibanda kilichopakana ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Nyuma ya mashine kulikuwa na stoo ya magunia matupu, na humo ndimo Kutu walimofanyia mazoezi, kwa sababu mngurumo wa mashine uliwafunika wasilalamikiwe. Siku moja mkanda wa mashine ukakatika. Mashine ikanyamaza, nao Kutu, wasiojua lililotokea, wakaendelea.

Wakati huo Mkono-Hautetemeki alikuwa anampaka mteja povu kidevuni. Akaiweka brashi chini. Tangu ujana wake watu walikuwa wamemmwagia masikioni ndoa zao, migongo yao na kesi zao za viwanja, na kila mmoja alitaka maoni, naye kila mmoja alimjibu, "Ndiyo hivyo." Sasa kupitia ukutani kilikuja kitu kikubwa, kizito, chenye hasira isiyomhusu yeye, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kiliingia masikioni kitu kisichomwuliza chochote. Kichwa kikawa cheupe kama shuka lililofuliwa. Akasimama palepale mpaka wimbo ukaisha. Mteja akasubiri na povu lake.

Kuanzia siku hiyo akawa shabiki wa kwanza wa Kutu. Mpaka siku ya habari hizi alikuwa pia ndiye wa mwisho.

Kutu walikuwa vijana watatu. Mpiga dramu alikuwa mchanganya zege, mwenye mikono iliyozoea kupiga kitu kizito bila kuchoka. Mpiga gitaa alikuwa binti, fundi simu, aliyeweza kuunga waya uliokatika huku anaongea na mtu mwingine. Mwimbaji aliuza sare za shule, na katika mazungumzo sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba wateja walimwambia arudie bei. Lakini akishika kipaza sauti, magunia yalitikisika. Walirekodi nyimbo nane mlemle stoo, wakivizia saa ambazo mashine imezimwa.

Walipomaliza, rafiki zao waliwasifu kwa adabu, na adabu ile ikawaumiza. Ndipo mpiga dramu, jioni moja, akakaa juu ya gunia na kutoa hukumu.

"Rafiki atakusifu na ndugu atakuvumilia," alisema. "Mimi nataka mtu baki mmoja. Asikilize yote, mpaka mwisho, kwa hiari yake. Akikosekana mpaka kesho jua likizama, tunafuta kila kitu, dramu narudisha kwa mwenyewe, tunaachana kwa amani."

Mpiga gitaa akasema sawa, akageuka kufuta gitaa ambalo halikuwa na vumbi. Mwimbaji naye akasema neno, lakini hakuna aliyelisikia.

Hapo akainuka Mkono-Hautetemeki, aliyekuwa amekuja na kigoda chake kama kawaida, akanena: "Enyi wanangu, nipeni mimi kazi hiyo. Kwangu watu huja kwa miguu yao, hukaa bila kulazimishwa, na hawawezi kugeuza shingo. Kesho nitawaletea mtu."

"Asifungwe lakini, mzee," alisema mpiga dramu.

"Lile ni shuka tu, mwanangu. La kuzuia nywele."

Kukapambazuka. Shujaa wetu kinyozi akafagia kibanda, akapanga vitana kama mikuki, akaiweka spika juu ya kabati la taulo, mahali pa juu panapomstahili mwenye kutawala. Wa kwanza kuingia alikuwa dereva wa lori. Huyo alistahimili wimbo mmoja na robo, kisha akaondoka na nusu ya kichwa, akisema atarudi hali ikitulia. Wa pili alikuwa karani, aliyeomba kwa upole muziki uzimwe, na shujaa, asiye mtu wa kulazimisha, akauzima. Wa tatu alikuwa mzee aliyekaa kwa utulivu mpaka wimbo wa tano, na moyo wa shujaa ukaanza kupaa, mpaka mzee alipouliza mbona leo hakuna redio. Hakuwa anasikia kitu. Shujaa akajihoji kwa haki, akaona kwamba huyo hahesabiki.

Jua likapita utosini likaanza kushuka. Mlango ukawa mtupu. Kisha, kutoka upande wa pili wa barabara, akavuka Bwana Matairi, mwenye duka la matairi, mtu wa heshima na haraka, ambaye siku hizo sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

Na kichwa chake, enyi wasikilizaji, kilikuwa shamba lililovunwa zamani. Nywele zilizosalia zilipita nyuma tu, kutoka sikio hadi sikio, kama ukingo wa sahani.

"Nipunguzie hapa nyuma," alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Nina haraka."

Shujaa akakitazama kichwa kile. Albamu ilikuwa na nyimbo nane, na wa nane ulikuwa mrefu kuliko wote. Kichwa kilikuwa na kazi ya dakika mbili. Hakuna jemadari aliyewahi kupewa uwanja mdogo hivyo kwa vita virefu hivyo. Akamfunga shuka, akabana kifundo, akavuta pumzi.

"Nitaweka muziki, mzee, kama hutaudhika."

"Weka."

Wimbo wa kwanza ulianza kwa mashine ya kusaga ikizimika polepole, kisha dramu zikaanguka kama shehena ya mabati.

"Redio yako imeharibika," alisema Bwana Matairi.

"Ni nzima, mzee. Ndivyo walivyokusudia."

"Walikaa wakakusudia hivi?"

"Miezi mingi."

Bwana Matairi akafikiri. "Basi ni watu wa bidii."

Vita vikaanza. Shujaa akachana mahali pasipo na nywele, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha akabadili nia akachana kutoka nyuma kwenda mbele. Mkasi wake ukalia hewani, ukikata upepo kwa ustadi mkubwa. Akapuliza maji. Akafuta maji aliyopuliza. Wimbo wa pili ukapita, na gitaa la yule binti likapanda ngazi zisizokuwa na kikomo, na shujaa akahisi kile kitulizo chake cha siku zote kikimshukia, akalazimika kujikumbusha kwamba yuko kazini.

Katikati ya wimbo wa tatu akaingia mke wake na chupa ya chai. Mama huyo alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba Kutu wanasikika kama masufuria yanayoshuka ngazi, na hakuwa ameyafuta maneno hayo. Akasimama, akamtazama mume, akakitazama kichwa.

"Baba watoto, huyu mzee unamnyoa nini?"

"Hata mimi najiuliza, mama," alisema Bwana Matairi kutoka ndani ya shuka.

Shujaa akamvuta mkewe mlangoni, akamhutubia kwa sauti ya chini: "Ewe mwenzangu wa chai na wa shida, usiinyooshee mkono spika hiyo. Kichwa hiki ndicho ngome ya mwisho. Kikiondoka kabla ya wimbo wa nane, wale vijana watatu wanafuta walichokijenga, na ukuta ule utabaki ukuta tu, nami nitarudi kusikiliza viwanja vya watu mpaka nizeeke."

Mama akaiweka chupa ya chai chini. "Wale watoto wa stoo?"

"Haohao."

"Huu ni wa ngapi?"

"Wa tatu unaishia."

Akakitazama tena kile kichwa, safari hii kama fundi anavyotazama kiwanja. "Nyusi hujagusa. Na masikio yana nywele. Na unayo taulo, we bwana, unahangaika na kitana cha nini? Ngoja nilete maji ya moto."

Hivyo ndivyo jeshi la msaada lilivyofika. Wimbo wa nne ulikwenda na nyusi, moja moja, kwa mkasi mdogo. Wa tano ulikwenda na masikio. Katika wa sita Mama akaleta taulo inayofuka mvuke, wakamfunika Bwana Matairi uso mzima, na chini ya taulo zikasikika pumzi za mtu aliyesahau alikotoka. Lakini taulo hupoa. Kabla wimbo haujaisha akaivua mwenyewe, akaketi wima.

"Baba, nimekwambia nina haraka. Vijana wangu pale dukani watakuwa wamelala, na sauti ya kuwaita sina. Nifungulie."

Shujaa akaweka mkono begani kwa mzee. Kiti kile kilikuwa na kanyagio. Angekishusha kidogo tu, mzee angerudi nyuma, na kumkalisha tena kungekuwa rahisi. Mkewe aliuona mguu wake ukikaribia kanyagio. Zilibaki nyimbo mbili. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kusaga ilikuwa kimya.

Kwa hiari yake, alikuwa amesema yule mpiga dramu.

Mkono-Hautetemeki akaurudisha mguu wake. Akafungua kifundo cha shuka, akalikung'uta mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, mkono wake ukatetemeka.

"Uko huru, mzee," alisema.

Bwana Matairi akasimama, akachukua koti, akaingiza mkono mmoja. Wimbo wa saba ukaanza. Ulianza bila gitaa na bila dramu, kwa chuma kimoja kilichogongwa mara moja, kikalia, kikaachwa kilie mpaka kikome.

Mzee akasimama na mkono mmoja ndani ya koti.

"Hiyo ni kengele yangu."

"Ipi, mzee?"

"Hiyo. Rudisha hapo."

"Itarudi yenyewe," alisema shujaa, ambaye alikijua kila kipigo cha albamu ile. "Gitaa likishapita."

Gitaa likapita. Chuma kikalia tena.

"Sikiliza mwisho wake," alisema Bwana Matairi, kidole juu. "Inaanza vizuri, kisha inatetemeka. Ina ufa. Ni ringi ya lori, nilikuwa nimeitundika mlangoni, naigonga vijana waje chai, naigonga wafunge duka. Waya ulikatika ikaangukia kwenye vyuma chakavu, kesho yake sikuiona. Tangu hapo naita kwa koo langu hili. Unasikia lilivyokwisha."

Akakaa. Hakuna aliyemwambia akae. Wimbo wa saba ukaenda mpaka ukingoni, na kila ringi ilipolia alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemsikia nduguye anaongea chumba cha pili.

"Watagonga tena?" aliuliza.

Shujaa angeweza kumdanganya. "Mara moja tu, mzee. Mwisho kabisa wa wimbo unaofuata. Nao ni mrefu."

Bwana Matairi akatazama nje, upande wa duka lake. Kisha akautoa ule mkono kwenye koti, akaliweka koti mapajani. Wimbo wa nane ukaingia kama mafuriko, ukawafunika wote watatu, kinyozi na kitana chake, mama na taulo yake iliyopoa, mzee na koti lake, na hakuna aliyetikisika.

"Huyu analalamikia nini?" aliuliza mzee katikati.

"Mvua imevuja kitandani kwake."

"Mngeniambia mapema, ningemhurumia tangu mwanzo."

Gitaa likafifia, dramu zikaenda zao. Chuma kikagongwa, kikalia, kikatetemeka kwenye ufa wake, kikakoma. Spika ikabaki na mvumo wake mtupu. Mama akapitisha taulo machoni, akasema ina mvuke.

"Anayeigonga ana mkono mzuri," alisema Bwana Matairi, akivaa. "Lakini irudishwe."

Jua lilikuwa bado limebakiza kipande juu ya mapaa shujaa alipoingia stoo. Vijana watatu walikuwa juu ya magunia yao, na vitambaa vya kufungia dramu vilikuwa tayari vimetandikwa chini.

"Amepatikana," alisema.

"Mtu baki?" aliuliza mpiga dramu.

"Mwenye duka la matairi."

"Kwa hiari?"

"Shuka nilimfungua. Akakaa mwenyewe."

"Alisemaje?"

"Kwamba una mkono mzuri. Na kwamba ringi ni yake."

Mpiga dramu akaitazama ringi iliyoning'inia kwenye boriti. "Nilidhani ni chuma chakavu," alisema. Mpiga gitaa akaokota kitambaa kimoja, akakikunja, akakitupa pembeni. Mwimbaji akasema neno, na safari hii kila mtu alilisikia.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," alisema Mkono-Hautetemeki.

Wakaivusha ringi barabarani wote wanne, mbele mpiga dramu akiibeba kifuani. Bwana Matairi akaifunga kwa waya mpya, akampa mpiga dramu spana, akamwambia aigonge. Ringi ikalia. Kutoka nyuma ya marundo ya matairi wakatoka vijana wawili wanajifikicha macho, wakiuliza kama ni chai.

"Mkiitaka kwa kazi yenu njooni mwombe," mzee aliwaambia Kutu. "Ila saa za chai iwe hapa."

Asubuhi iliyofuata, kabla kibanda hakijafagiwa, Bwana Matairi akaingia akakaa kitini mwenyewe. Akapitisha kiganja nyuma ya kichwa chake.

"Jana hapa hukunipunguza," alisema. "Nimefika nyumbani mke wangu ndiye kaniambia."

Shujaa akatazama. Ilikuwa kweli. Uwanja wote ulikuwa umepiganiwa, isipokuwa ule ukingo wa sahani. Akachukua shuka.

"Usinifunge kwanza," alisema mzee. "Weka ile yenye kengele. Anzia mwanzo. Leo sina haraka."

Na hivyo ndivyo, enyi mliosogea karibu, albamu ya kwanza ya Kutu ilivyopata shabiki wake wa pili.