Kutekwa kwa Dimbwi la Kituo cha Pili

Sogeeni, enyi wa karibu, na enyi wa mbali tegeni masikio; zimeni simu zenu, epueni birika zenu, kwa maana habari niletayo haijapata kuandikwa juu ya ngozi wala kuchongwa juu ya jiwe. Namnena Arzina binti Fatehali, Mdakaji Asiyepepesa, kocha mkuu wa softiboli ya wanawake, mchezo ule wa gongo na mpira, katika chuo kimoja cha mashariki ya Toronto, na vita alivyopigana na maji Jumamosi moja ya Oktoba, papa hapa Scarborough.

Miaka minne aliichezea timu ya chuo hicho hicho, amechuchumaa nyuma ya mpigaji, akipokea mipira iliyomjia kama laana. Vidole viwili vilivunjika asitoe chozi, na magoti yake hata leo hutabiri mvua kuliko redio. Kisha akawa msaidizi, mbeba chupa na mfariji wa waliao. Kisha akatawazwa kocha mkuu, akatawala misimu sita, na katika misimu hiyo timu haikuingia mtoano hata mara moja. Ilikaribia. Ndivyo alivyowaambia wakubwa wa chuo kila mwaka, nao walikwisha kulichoka neno hilo.

Msimu huu wa saba ulibaki ushindi mmoja tu, na mlango ungefunguka. Mchezo usipochezwa, wangepita wapinzani, waliokuwa juu yao kwa pointi moja.

Basi mbingu zikafunguka tangu alfajiri. Mvua ilipokoma, mchanga wa uwanja uliyanywa maji yake, ila mahali pamoja: kwenye kituo cha pili, pale mkimbiaji anapojitupa chini kwa heshima zote, lilitamalaki dimbwi. Wala halikuwa dimbwi la mzaha. Mabata bukini wawili walikwisha kulihamia.

Mwamuzi, mtu mwenye saa kubwa na huruma ndogo, akasimama ukingoni akanena: "Kocha, kanuni ni kanuni. Ikigonga saa kumi na maji yangalipo, naufuta mchezo."

"Bwana mwamuzi," akajibu Arzina, ameinua ndoo kama ngao, "wewe itunze saa yako. Maji niachie mimi."

Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Akawafukuza bukini, nao wakaondoka polepole, wakitukana. Akaligawa jeshi lake: hawa kwa ndoo, hawa kwa taulo, hawa kwa vikombe vya kahawa. Wakachota, wakakamua, wakachota tena. Na dimbwi, kama dola kongwe, likapoteza mpaka huu likanyakua ule. Wapinzani walitazama kutoka ndani ya basi lao lenye joto. Clara, nahodha na mlinzi wa kituo hicho, binti wa Kitanzania ambaye husemeshwa Kiswahili nyumbani akajibu kwa Kiingereza, alikuwa amepiga magoti topeni. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mchezo ukifutwa, hana mwingine. Hakulisema hilo, na kocha wake alimsikia vizuri sana asivyolisema.

Saa tisa na nusu akafika mzee Fatehali, baba yake kocha, mzaliwa wa Mwanza, fundi miwani mstaafu. Desturi yake ilikuwa kuleta sambusa kabla ya mchezo ili apate kuondoka kabla ya mchezo, kwani alidai baridi ya nchi hii haina adabu kwa wazee.

"Arzina, mwanangu, mmekuwa wakulima wa mpunga?"

"Tunakausha uwanja, Baba."

"Kwa vikombe?"

"Kwa vikombe."

Mzee akalitazama dimbwi, akavitazama vikombe, akaweka sambusa benchini, akaingia garini, akaenda zake bila kuaga. Arzina aliliangalia gari likikunja kona. Akainama upesi kuchota, ili jeshi lisiuone uso wa jemadari.

Saa kumi kasoro robo gari likarudi. Juu ya paa, limefungwa kwa kamba na kwa dua, lilikuwa godoro: godoro la sponji, la wageni, ambalo ukoo mzima, kutoka Mwanza hadi Thornhill, umelala juu yake kwa zamu.

"Baba! Hilo la wageni! Mama atasemaje?"

"Mama yako yuko kwa dada yake. Mkishinda, tutamweleza. Mkishindwa, sikuwa hapa." Kisha akapaza sauti: "Sikilizeni, enyi mabinti! Miaka arobaini nimepiga beleshi theluji ya nchi hii, nami nawaambia, maji hayabembelezwi kwa kikombe. Maji hunywewa! Mwenye mkono na ashike!"

Wengi wao, wasiojua Kiswahili, hawakuelewa hata neno. Godoro walilielewa wote.

"Babu, shika huku!" akafoka Clara, na kocha akageuka kumtazama, maana kwa miaka minne hakuwahi kumsikia akitamka Kiswahili.

Wakalilaza. Likanywa. Wakaliburuta kando wakalikanyaga, maji yakatoka kwa mayowe, wakalirudisha vitani. Mara ya pili, mara ya tano, mzee mwenyewe akikanyaga kwa soksi. Kisha wakamwaga mchanga mkavu.

Dakika mbili kabla ya saa kumi mwamuzi akakididimiza kisigino chake kituoni. Ardhi haikusema kitu.

"Chezeni," akasema.

Wakacheza. Mzee Fatehali alikaa hadi mwisho, akashangilia mara mbili upande usio wake. Matokeo yakiwa tatu kwa tatu, Clara alijitupa kwenye kituo cha pili akafika salama, na pigo lililofuata likamrudisha hadi kituo cha nyumbani, pale pointi inapohesabiwa. Nne kwa tatu. Arzina alitaka kuruka, magoti yakakataa, akaketi palepale chini akicheka na kulia.

Miji mingine imeandika siku zilipoanguka ngome. Scarborough na iandike siku lilipokauka dimbwi. Godoro lilikuwa zito kama nyati, paa la gari lisingelibeba, hivyo mashujaa wakalibeba mabegani hadi nyumbani kwa mzee, mitaa mitatu, likidondosha maji njia nzima. Mbele ya msafara alitembea mzee Fatehali, akiwapungia madereva wakae kando, na kila aliyeshusha kioo kuuliza kuna nini alipewa jibu moja:

"Kocha ni binti yangu."