Akina Kwaku Hawakupewa Muziki

Jumatatu, 11 Machi

Dakta Nyarkoa, msimamizi wangu, kanipa mpaka Ijumaa. Bila jaribio linaloeleweka, simalizi chuo mwaka huu. Na Mama keshashonesha gauni la mahafali! Kanisa zima linajua!

Swali langu: je, muziki hupunguza hasira? Kundi moja lisubiri waakye, wali wetu wa maharage, likisikiliza muziki, jingine lisubiri kimya. Wote na njaa zao. Nihesabu wanaofoka. Dakta kasisitiza watu wagawanywe kwa kubahatisha, nisichague mtu. Kazi ndogo! Kwetu mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa, na nani alichagua siku yake? Akina Kwadwo, wa Jumatatu, wapate muziki. Akina Kwaku, wa Jumatano, wakae kimya. Mimi kichwa!

Jumanne, 12 Machi

Ushindi! Akina Kwadwo walisinzia. Akina Kwaku walipiga meza, wakanitukana, na Kwaku Sarpong akaondoka na sufuria ya waakye. Muziki ni dawa!

Jumatano, 13 Machi

Dufie, mjuaji wa darasa letu, kasoma ripoti yangu akacheka mpaka machozi. Ati nimepima muziki au majina? Ati hapa Kumasi Kwadwo anaambiwa mpole tangu anyonye, Kwaku anaambiwa mkorofi, na kila mmoja kakua kama jina lake. Ati hata bila muziki akina Kwadwo wangesinzia tu.

Nikamfokea. Meza nikaipiga. Akaniuliza, taratibu kabisa, eti mwenzangu, wewe nawe si Kwaku? Mwanamke huyu ataniua! Ndiyo, ni Kwaku. Inahusu nini?

Alhamisi, 14 Machi

Dakta yuko upande wa Dufie. Bila shaka! Kaniamuru nirudie kesho: majina yote kwenye kofia, nichote bila kuangalia. Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Mama kapiga simu, wajomba keshawaalika.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefumba macho, nimechota. Jina la kwanza kundi la muziki: Kwaku Sarpong. Yule wa sufuria! Haiwezekani. Nikalirudisha. Nikachota tena. Kwaku mwingine! Nikarudisha. Nimechota asubuhi nzima, mkono unauma, mpaka kofia ikashika adabu na kunijazia akina Kwadwo kundi zima la muziki.

Na macho nilifumba kila mara. Dufie asije akasema sikubahatisha.