Habari za Geraldine Piontek, Tufe Lake na Viatu Vyake

Haya, wekeni bilauri chini, zimeni simu, na wewe uliye kwenye mashine ya karanga acha kuipiga mateke, maana nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa humu humu jumbani mwetu, upande wa kusini wa Milwaukee, msimu ule ambao Geraldine, mjane wa Ray Piontek, Mrusha-kwa-Kushoto, Mtetemesha-Mbao, Kiama cha Pini Kumi, alirudi kwenye ligi ya boling baada ya miaka mingi nje, akatafuta tufe, akatafuta na viatu. Msiseme ni jambo dogo. Wapo wafalme walioteka miji kwa mashaka machache kuliko yaliyompata mwanamke huyu kabla hajaangusha hata pini moja. Nami nayajua yote, maana mimi Marlys ndiye mlinzi wa kaunta ya viatu vya kukodi, na mwenye kaunta hiyo huona miguu ya kila mtu kabla hajaona uso.

Ifahamike kwanza kwamba timu ya Jumanne ya akina Piontek inaitwa Mabomba, kwa kuwa fundi bomba mmoja wa mtaani ndiye anayewanunulia mashati, na mgongoni mwa kila shati pametariziwa kwa uzi wa dhahabu: Kwetu Hakivuji Kitu. Hucheza watano, ila msimu ule walibaki wanne, maana mwenzao mmoja alihamia Arizona kufuata jua. Jemadari wao ni Norbert, ndugu wa marehemu Ray, anayecheza pamoja na wanawe, mwanamume mwenye kifua cha pipa na sauti isiyohitaji kipaza, mrithi na mhifadhi wa sheria ya ukoo. Sheria yenyewe ni fupi: Piontek harushi tufe lisilofika ratili kumi na sita. Baba yao alirusha kumi na sita mpaka wiki aliyozikwa, na Norbert huitangaza sheria hiyo kila msimu unapofunguliwa, kasimama wima, kofia kifuani, hata kama hakuna aliyemwomba.

Sasa Geraldine alikuwa na chuma ndani ya kifundo cha mkono wa kushoto, ndio anaorushia kama Ray, tangu alipoanguka kwenye barafu mbele ya kanisa, na kumi na sita hakuweza tena kuinua bila kuwaita watakatifu kwa majina. Lakini alitaka kurudi. Alitaka sana. Tangu Ray afariki, siku nyingine zote aliziweza, Jumanne ndiyo iliyomshinda, kwa sababu ndiyo siku waliyokuwa wakitoka pamoja, kila mmoja na mfuko wake. “Marlys,” aliniambia, “jioni ya Jumanne nikikaa pale nyumbani, naona hata jokofu linanionea huruma.” Nikammiminia kahawa.

Basi akaja siku ya mazoezi, kashika viatu vyake vya enzi zile, akavivaa kwa heshima ya mtu anayevaa deraya, akapanda kwenye mbao na kupiga hatua ya kwanza ya ushindi. Mguu ukaenda. Soli, iliyokauka gundi kabatini, ikakataa kufuatana nao, ikabaki nyuma vipande vipande.

“Shemeji!” Norbert akanguruma kutoka mezani, mdomo umejaa jibini ya kukaanga. “Hivyo ni viatu au ni keki imebomoka?”

“Vimezeeka, Norbert. Wewe ukifungiwa kabatini miaka yote hiyo, tungekuzoa kwa ufagio.”

“Nenda kwa Marlys akukodishe.”

Viatu vyangu, kwa taarifa yenu, ni vyekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, na kisiginoni vina namba kubwa ili asiviibe mtu, utadhani yupo anayevitamani. Nampenda Geraldine, lakini siku ile alivitazama viatu vyangu kama mtu aliyepewa mswaki wa jirani.

“Mimi nikodi?” akasema. “Heri mnizike peku.”

Hapo Norbert akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akanena maneno ambayo kila mtu aliyasikia, hata waliokuwa msalani. “Sikiliza, shemeji. Nafasi ya tano ni yako, mbele ya Mungu na mbele ya fundi bomba. Ray angeninyonga nikikunyima. Lakini Jumanne uje na viatu vyenye soli, na uje na tufe la kumi na sita. Ukija na kumi na tano, nafasi nampa kinyozi wangu. Walio chini ya kumi na sita wakacheze kule kwenye njia za watoto, wale na keki ya bethdei.”

“Nitakuja nalo,” akasema Geraldine, na kifundo chake, naapa, kikalia kwa sauti.

Ijumaa ikamkuta shujaa wetu mlangoni kwa Tou Vang, Mtoboa-Matufe, Bwana wa Keekee, ambaye duka lake la kutoboa matufe matundu ya vidole liko mwisho wa jumba letu, chumba kisichozidi jiko la nyumbani. Vang akamketisha, akakishika kidole gumba chake cha kushoto, akakigeuza kwenye taa, akaguna.

“Mama Piontek, umekula nini leo?”

“Samaki. Si Ijumaa leo? Nani mji huu hajala samaki wa kukaanga? Na viazi, na kachumbari ya kabichi.”

“Na brandi?”

“Ndogo.”

“Ndogo ngapi?”

“Tou mwanangu, unanipima mkono au unaniungamisha?”

“Gumba limevimba, mama. Ni chumvi hiyo. Nikitoboa leo, Jumanne kidole kitakuwa kimenywea, na tufe litakuponyoka litue kwenye sahani ya mtu. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Mnatoka kwenye samaki, mnakuja kupimwa, halafu mnasema Vang hajui kazi. Nenda kalale. Njoo kesho, na usiguse chumvi.”

Majemadari wengi wamepotea kwa kukataa shauri kama hilo. Geraldine alilikubali, akala uji usiku ule, na kesho yake akarudi na gumba lake halisi, jembamba, lililo tayari kwa vita.

Wakaanza na viatu. Karibu na mlango palikuwa na jozi nyeupe yenye mistari ya fedha, iliyopunguzwa bei, na Geraldine aliiona kama Musa alivyoiona nchi ya ahadi. Akaivaa. Akashika tufe la kuwaziwa tu, akakimbia hatua zake kwenye ubao wa majaribio, akafika mwisho na kutoa mguu wa kulia uteleze kama alivyoufundisha tangu usichana. Mguu wa kulia ukanata. Ule wa kushoto, ambao hakuna aliyeuita, ukateleza wenyewe, na Geraldine akaikumbatia rafu ya soksi kwa mikono yote miwili kama ndugu aliyerudi kutoka ughaibuni.

“Hivyo ni vya watu wa kulia,” akasema Vang, akimwondolea soksi kichwani. “Wao huteleza kwa kushoto.”

“Mikasi ni yao, vifungua-kopo ni vyao, sasa hata kuanguka nianguke kwa mtindo wao?”

Vang akaingia nyuma, akatoka na jozi nyeusi ambayo soli zake hubanduliwa na kubandikwa. Ile laini akaiweka mguu wa kulia, ile inayokamata akaiweka wa kushoto. Geraldine akakimbia tena, akateleza, akasimama pale pale alipotaka kusimama, goti limekunjwa, mkono umenyooka juu. Akakaa hivyo kitambo. Mimi nilikuwa mlangoni na kahawa yangu, nikaona macho yake yamejaa machozi, na sioni haya kusema kwamba yangu pia.

Kisha likaja jambo zito lenyewe. Vang akampa kumi na sita aibembeze, na bega likashuka. Akampa kumi na tano, uso ukakunjamana. Kumi na nne, akasema haiumi, kwa sauti ya mtu anayeumia. Akampa kumi na tatu, tufe la samawati lenye moshi wa fedha, aina iliyokuwa ikinunuliwa na kila mtu msimu ule, nalo likaenda nyuma na kurudi mbele kwa ulaini hata akacheka.

“Ndilo lako hili,” Vang akasema.

“Siwezi. Norbert ataisoma namba ya uzito. Imechongwa hapo.”

Vang akafunga mlango, na mimi nikiwa ndani. “Namba naweza kuiziba,” akanong’ona. “Namimina gundi ngumu ya rangi ile ile, nasugua, napiga msasa. Hapaonekani kitu.”

“Huo ni uongo, Tou.”

“Ni gundi, mama.”

Geraldine akalitazama tufe, akavitazama viatu, akaiwaza Jumanne. “Na ni wangapi umeshawazibia?”

Vang akaangalia dari, akachukua kitambaa, akaanza kuifuta keekee ambayo haikuwa na vumbi. “Mimi na padre,” akasema, “hatutaji watu.”

Akaziba.

Jumanne ikawadia, na majeshi yakajipanga. Upande mmoja Mabomba, upande wa pili Wauza Magodoro, chini ya Duane, mtu mwenye ndevu nyingi na heshima haba. Norbert akaitangaza sheria ya ukoo, kofia kifuani, kisha akalishika tufe la shemejiye na kuligeuza huku na huku.

“Mbona sioni namba?”

“Vang amepitisha tundu papo hapo.”

“Ehe,” akasema Norbert upesi kuliko kawaida yake. “Hata langu vivyo hivyo.” Akaenda kunywa maji.

Sitawachosha kwa habari za pini zote zilizolala jioni ile. Itoshe kusema kwamba mbao zililia, kwamba mtoto wa kwanza wa Norbert alitupa moja mfereji wa pembeni na akailaumu taa, na kwamba mchezo ulipofika ukingoni, wenzake wote wamemaliza, Mabomba walihitaji pini zote kumi kushinda, na zamu ilikuwa ya Geraldine. Akarusha. Tisa zikaanguka. Ikabaki ya saba, ile ya kona ya nyuma kushoto, adui mkongwe wa wote warushao kwa mkono huo, imesimama peke yake bila aibu.

Alikuwa amebakiwa na mrusho mmoja. Akaenda kwenye rafu kulisubiri tufe lake lirudi. Nyuma yake Norbert alikuwa akimhutubia Duane: “Kumi na sita, ndugu yangu! Baba kumi na sita, babu kumi na sita! Nyinyi wa magodoro mnarusha mito!” Mashine ikatema tufe la samawati lenye moshi wa fedha. Lilikuwepo na jingine la namna hiyo pale pale. Geraldine, ambaye macho yake yalikuwa kwenye pini, akashika lililo karibu, akajikaza, akainua, na mikono ikaruka juu nusura apigwe kidevu na tufe lenyewe. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa jepesi kuliko la kwake.

Akalipapasa. Matundu ya mkono wa kulia. Na hapo penye namba, ulaini wa msasa wa Vang.

Akageuka. Norbert alikuwa amemwona. Ule mkono uliokuwa hewani ukihutubia ulishuka polepole, na jemadari akaja mpaka kwenye rafu.

“Bega, shemeji,” akanong’ona. “Tangu Pasaka. Daktari alisema niache kabisa. Sasa nikiacha niende wapi? Tafadhali.”

Nilimwona Geraldine kutoka kauntani. Kwanza alitaka kucheka, na alikuwa na haki. Kisha akapandwa na hasira, na hapo pia alikuwa na haki, maana mtu wa ratili kumi na mbili alikuwa amemtishia kwa kinyozi. Halafu nadhani akaona kwamba woga ni ule ule mmoja, wake na wa Norbert, na hasira ikamtoka. Akalirudisha lile tufe mahali pake taratibu, akachukua la kwake, akalipandisha juu mbele ya watu wote.

“Sikieni nyote! Wa magodoro na wa mabomba, na wewe Marlys acha kujifanya unapuliza dawa viatuni! Hapa mkononi nina ratili kumi na tatu. Si kumi na sita. Namba imezibwa kwa gundi, na gundi nimeilipia mwenyewe. Mtakayemtoa mtoeni, lakini kwanza nina shughuli na ile pale.”

Akakimbia hatua zake. Mguu wa kulia ukateleza kama ulivyoagizwa, mkono ukashuka na kupanda, tufe likaambaa ukingo wa kushoto, likaning’inia juu ya mfereji kiasi cha kutukata pumzi, likaigusa pini ya saba ubavuni. Pini ikayumba. Ikafikiri. Ikalala.

Duane ndiye aliyepata sauti kwanza. “Sheria, Norbert! Si una sheria? Mtoe!”

Norbert akavua kofia, akaiweka kifuani. “Langu,” akasema, “kumi na mbili.”

“Paza sauti, shemeji,” akasema Geraldine. “Mashine inapiga kelele.”

“LANGU NI KUMI NA MBILI!”

“Langu kumi na nne, baba,” akasema mtoto wa kwanza.

“Langu kumi na tatu na nusu,” akasema wa pili.

“Hakuna nusu!” Vang akapiga ukelele kutoka mlangoni pake, akajiziba mdomo kwa kitambaa, akiwa amechelewa.

Duane akausukuma mfuko wake chini ya kiti kwa kisigino, na ndipo kicheko kikapasuka kutoka njia ya kwanza mpaka ya mwisho, watu wakitajiana namba zao kwa sauti, wazee wakilia na kukumbatiana, hata yule bwana wa mashine ya karanga. Iandikwe basi katika habari za mji huu, mahali pa juu kuliko ufunguzi wa madaraja na uchaguzi wa mameya, kwamba Geraldine Piontek kwa tufe moja aliangusha pini moja na uongo wa jumba zima, na kwamba sheria ya kumi na sita ilikufa jioni ile bila kuzikwa na mtu. Vizazi vije kusoma.

Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameketi, anafungua kamba za viatu vipya, polepole, moja baada ya nyingine.

“Norbert,” akauliza bila kuinua kichwa, “Jumanne ijayo ni saa ngapi?”

Alikuwa anajua. Haijawahi kubadilika tangu jumba lijengwe.

“Saa moja, shemeji,” Norbert akamjibu. “Tutakupitia.”