Minyoo ya Bwana Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mume wangu (naandika tena: mume wangu!) amesafiri kufunga lifti, atarudi Jumamosi. Ameniachia busu la paji la uso, funguo, na Bwana Mkubwa. Huyu ni mjusi wake wa miaka minne, mrefu kama mkono wangu hadi kiwiko, anaishi ndani ya sanduku la kioo lenye taa yake. Ukipenda boga, penda na ua lake. Ua langu lina magamba. Nalipenda!

Jumanne, 4 Machi
Bwana Mkubwa amesusa nyenje. Mkia umekonda kama kamba ya kiatu. Wifi, mdogo wake mume wangu, ameingia bila hodi, akachungulia, akaguna. Eti kabla sijaolewa mjusi huyu alikuwa na mashavu. Eti labda manukato ya bibi harusi yamemfunga tumbo. Nimecheka. Nimeumia. Mume wangu akirudi akute mifupa, nitamtazamaje? Nimempigia daktari wa mifugo. Anashuku minyoo. Anataka choo kibichi cha mjusi, kesho kabla ya saa nne.

Jumatano, 5 Machi
Tangu alfajiri niko mbele ya kioo na kijiko. Hakuna kitu. Nimemwogesha maji ya vuguvugu, nimemkanda tumbo, nimemwimbia wimbo tuliocheza siku ya harusi. Saa tatu na nusu, bado! Ndipo nikaona nyuma ya pazia la sebule: mjusi mdogo wa ukutani ameacha zawadi, nyeusi, ncha nyeupe. Mjusi si mjusi? Nikaitia kwenye kikopo cha mafuta ya uso, nikafunga utepe. Daktari akainamia hadubini. Safi kabisa, hakuna hata yai moja la minyoo! Akashangaa tu mjusi mkubwa namna ile kutoa choo kidogo namna ile. Nikamjibu kwamba ni mjusi mwenye haya. Nimerudi nyumbani kwa maringo. Wifi nimempa habari mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana Mkubwa hali, hafumbui macho. Mume wangu amepiga simu, akaomba niiweke sikioni mwa mjusi. Nikamsikia akimwita mwanangu. Nikakimbilia bafuni kulia. Wifi akanikuta huko, nikamwambia yote, hata pazia. Nilingoja matusi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akavaa viatu, akasema wifi twende, utalia njiani. Tulipofika tu mezani kwa daktari, Bwana Mkubwa akatoa choo cha kutosha ukoo mzima. Minyoo tele! Daktari akatazama choo, akanitazama mimi. Akampima uzito, akamtia dawa mdomoni kwa bomba la sindano. Mchanga wote utupwe, tutandike magazeti, vyombo vioshwe kwa maji ya moto, choo kiondolewe papo hapo asijiambukize tena. Dozi ya pili baada ya wiki mbili, kisha choo kipimwe upya.

Jumamosi, 8 Machi
Amerudi! Ananukia grisi na mapenzi. Bwana Mkubwa amekula nyenje wawili mbele yake. Wifi akamwambia kaka yake kwamba ameoa nesi, akanikonyeza. Wifi wangu wa dhahabu!

Jumapili, 23 Machi
Juzi tumempa dozi ya pili. Mkia umenona! Mume wangu amesema mbele ya Wifi kwamba hajui angeishije bila mimi. Nimeyeyuka. Kesho daktari anangoja choo cha mwisho. Mpenzi wangu alitaka aamke alfajiri tukikeshee kioo pamoja. Nikamwambia alale, roho yangu, hilo aniachie mimi. Wake wengine hungoja kudra. Mimi nimejifunza kujipanga mapema. Tangu juzi nakusanya nyuma ya pazia, na safari hii nimetia kikoponi vipande sita, daktari asije akashangaa udogo.