Joto Lililoidhinishwa

Umma unaarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu joto limekuwa mali ya serikali. Maabara yetu ilikuwa ya kwanza kutii, nami, mhitimu wa miezi mitatu kazini, niliguswa sana.

Waraka wa Mkurugenzi ulieleza kwamba kemikali zote zitachanganywa ofisini kwake, penye mamlaka ya kutosha. Atakayeidhinisha joto lisilofaa atahamishiwa stoo.

Wakati huo tulikuwa tunatengeneza hidroksidi ya kobalti. Ukiichanganya kwenye baridi unapata unga wa buluu, matabaka ya chembe zake yamekaa shaghalabaghala. Ukiipasha moto, matabaka yanajipanga na unga unageuka wa waridi. Kamati ya Ukaguzi ilitaka wa waridi.

Kiyoyozi cha Mkurugenzi kilikuwa digrii kumi na sita, kulingana na cheo.

"Mzee, kwa baridi hii hautageuka," alisema Mama Maabara, fundi wetu mwenye miaka thelathini kazini.

"Sayansi ni nidhamu, mama. Chembe zitajipanga zikiona waraka."

"Chembe hazijui kusoma, mzee."

"Ndiyo maana zinahitaji uongozi."

Akaamuru chupa ya mchanganyiko iwekwe kwenye jokofu lake, isije ikachafua meza.

Koridoni Mama Maabara alininong'oneza, "Mwanangu, lawama hii itaniangukia mimi. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, nikaumalizie stoo?"

Nilimtuliza, kwa kuwa nina imani na fomu. Niliandaa Fomu ya Kuidhinisha Joto yenye nafasi mbili za sahihi, moja yake na moja ya Mkurugenzi. Mkurugenzi hapendi jina la mtu mwingine kwenye karatasi zake. Alisaini kote kuwili.

Ijumaa Kamati ilikuta unga wa buluu kama sare ya shule.

"Mzembe gani aliidhinisha joto hili?" aliuliza Mkurugenzi, akimkazia macho Mama Maabara.

Nikatoa fomu kwa unyenyekevu. Mwenyekiti wa Kamati aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

Stoo yetu ina paa la bati na haina dirisha hata moja. Mkurugenzi alihamia huko na chupa yake. Wiki iliyopita nilimpelekea maji, nikamkuta analoa jasho, kafungua tai, anafagia. Unga kwenye chupa ulikuwa wa waridi.

Nilikimbia kumpa Mama Maabara habari njema, nikapendekeza tumwombee mzee arudishwe ofisini.

"Muache hukohuko, mwanangu," alisema. "Ndiyo kwanza anaanza kujipanga."